UA LA BUSTANINI LILILOFIKA ZIWANI

Inafaa wananchi na watumishi wa Serikali waelewe kwamba si kila ua zuri linafaa kupandwa. Mfano tunauchukua Bara, ambako madhara yamekwisha kuonekana.

Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ni nchi kavu ya mbuga na pamba. Maji ya bomba yanayofika sehemu za wilaya hiyo hutoka Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele, Wilaya ya Misungwi, ambacho mradi wake ulizinduliwa mwaka 2009. Kwa hiyo mkaazi wa Kishapu, ambaye pengine hajapata kuliona ziwa, ana haki ya kuuliza humo mnaota nini.

Mnaota gugu-maji. Asili yake ni bonde la Mto Amazon, Amerika ya Kusini. Lina majani ya kung'aa na ua la zambarau, na kwa uzuri huo tu lilichukuliwa nchi nyingi kupambia mabwawa ya bustani. Katika Mto Sigi, Tanga, lilionekana miaka ya 1950. Ziwani liligunduliwa kiasi cha mwaka 1989, na Mto Kagera umeendelea kulileta. Penye joto na rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Huziba mialo, hunyima samaki hewa, na huwapa makaazi konokono wa kichocho. Mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikiwa hai, ndiyo maana kulikata mara moja hakutoshi. Katika miaka ya 1990 nchi za ziwa zilitumia fukusi wanaolila. Likapungua sana, lakini halikwisha.

Sisi wa Visiwani hatuna la kuwacheka wenzetu. Kunguru waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na leo wanakula vifaranga vyetu.

Wasimamizi wa bustani za afisi na skuli wanaombwa wasipokee vipando wasivyovijua. Msafiri mwenye vipando au mbegu za maua avioneshe kwa wakaguzi wa mimea bandarini. Anayeliona gugu-maji bwawani au kwenye bonde la mpunga amuarifu Sheha wake au afisi ya kilimo ya wilaya. Asilitupe mtaroni, alitoe na mizizi yake, alianike juani mbali na maji mpaka likauke kabisa.