Dawa ya bure au ya bei? Jinsi Busia ilivyowafundisha wasomi

Msomaji, ukiitaja miji ya Busia na Malaba mbele ya mkazi wa Nairobi, picha inayomjia kwanza ni ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, wabadilishaji pesa wenye mabunda mkononi, na vijana wa bodaboda. Si kosa lake. Hata hilo neno bodaboda lilizaliwa huko huko mpakani, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo yao kutoka boda hadi boda.

Lakini katika vyuo vikuu vya mbali, huko Marekani na Ufaransa, jina la Busia linajulikana kwa sababu nyingine kabisa. Mwanafunzi wa uchumi ambaye hajawahi kuikanyaga Afrika huweza kukusimulia habari za shule za Funyula na Budalang'i na za soko la Bumala. Kwa zaidi ya miaka 20, wasomi wanaotafuta shahada za juu wamekuwa wakifika hapa na bidhaa za kawaida kabisa: vidonge vya minyoo, vyandarua, klorini, mbolea, hata akaunti ya benki. Swali lao lilifanana na lile la mwenye duka. Bidhaa ambayo kila mtu anakiri kwamba ina faida, inakuwaje ikose mnunuzi?

Jambo lenyewe lilianza na minyoo. Mnamo 1998 shirika la Kiholanzi la ICS lilianza kuwatibu watoto katika shule 75 za msingi za Funyula na Budalang'i, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Waliofuatilia kazi hiyo walikuwa Edward Miguel, wakati huo mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard, na Michael Kremer, mwanauchumi ambaye katika miaka ya 1980 aliwahi kufundisha shule ya sekondari huko Kakamega. Watoto walipopimwa, 92 kati ya kila 100 walikutwa na angalau aina moja ya minyoo. Hebu fikiri, mzazi, darasa la watoto 50 ambamo wanne tu ndio wazima!

Shirika halikuweza kuzifikia shule zote kwa mara moja. Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Shule ziliorodheshwa kwa alfabeti katika kila eneo, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Wa kwanza walipata dawa mwaka 1998, wa pili 1999, na wa tatu wakangoja hadi 2001. Kwa kuwa hakuna mwalimu mkuu wala chifu aliyechagua nani atangulie, tofauti yoyote ya wazi baina ya makundi hayo ingeweza kuhusishwa na dawa. Wapo wanaouliza kama ni haki kumfanya mtoto mgonjwa angoje zamu yake ili msomi apate hesabu safi. Swali hilo lina uzito. Jibu lililotolewa ni kwamba kungoja kulikuwapo kwa vyovyote vile, na kura ni mwadilifu kuliko kujuana.

Mahudhurio hayakusomwa kwenye rejista, maana sote tunajua rejista inavyoweza kuwa na huruma. Wasaidizi wa utafiti walizuka shuleni bila taarifa, orodha mkononi, wakahesabu waliopo. Utoro katika shule zilizopata dawa ulipungua kwa kiasi cha robo. Alama za mtihani, kwa upande mwingine, hazikupanda.

Sasa tazama maumbile ya mdudu mwenyewe. Mayai ya minyoo hutoka na choo, hukaa udongoni, na safura huingia kupitia nyayo za mtoto anayetembea pekupeku. Kichocho nacho hupitia konokono wa majini, jambo wanalolijua vizuri watu wa pwani ya Ziwa Victoria. Mtoto akitibiwa, huacha kumwaga mayai, na hivyo mwenzake asiyemeza kidonge hupata nafuu pia. Faida ya kidonge humiminikia kwa jirani. Hii ni habari njema kwa daktari, lakini kwa mfanyabiashara ni balaa, kwani nani atalipia kitu ambacho sehemu kubwa ya utamu wake inaliwa na mwingine?

Mwaka 2001 jambo hilo lilipimwa. Wakati huo wafadhili wengi walishikilia kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba wazazi wakichangia kidogo mradi utasimama kwa miguu yake. Basi baadhi ya shule zikachaguliwa kwa kura, wazazi walipe. Katika nyingi kati ya hizo bei ilikuwa Sh30 kwa familia nzima, na zilizohitaji pia dawa ya kichocho zikatozwa wapata Sh100. Pale dawa ilipobaki bure, watoto 75 katika kila 100 waliimeza. Pale palipotozwa ada, hawakufika hata 20. Tena ada ilitozwa kwa familia, si kwa mgonjwa, na ikawakimbiza wazima na wagonjwa bila kubagua.

Liko jambo jingine la kushangaza zaidi. Familia zilizokuwa na marafiki katika shule zilizotangulia kupata dawa hazikuikimbilia. Ziliisita kuliko wengine. Huenda zilikwisha sikia habari za kichefuchefu na maumivu ya tumbo, na kuona kwamba faida ya mtu mmoja mmoja haionekani kwa macho. Mafunzo ya afya shuleni nayo hayakubadili tabia. Watoto waliendelea kutembea bila viatu, na sidhani kama ni kwa sababu ya kukosa mafunzo.

Je, huenda minyoo ni kadhia ya peke yake? Mwaka 2007 Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipeleka swali hilo hilo kwenye kliniki za wajawazito 20 za magharibi mwa Kenya, safari hii kwa chandarua chenye dawa. Wakati huo mama mjamzito alikuwa akiuziwa chandarua kwa Sh50, bei iliyokwisha punguzwa sana. Wao wakashusha zaidi: kliniki nyingine bure, nyingine Sh10, nyingine Sh20, nyingine Sh40. Palipokuwa bure, karibu kila mama aliondoka na chandarua. Kwa Sh40, waliochukua walikuwa kama 40 katika kila 100. Waliobaki walirudi nyumbani, mimba tumboni na mbu chumbani.

Na ile hoja ya kwamba cha bure hugeuzwa wavu wa samaki? Watafiti walifika nyumbani kwa akina mama bila kubisha hodi mapema, wakatazama kama chandarua kimetundikwa. Waliopewa bure walikitumia sawa na walionunua. Mwandishi wa ukurasa huu amesikia hoja ya wavu wa samaki mara nyingi katika mikutano ya mijini, na karibu kila mara kutoka kwa mtu ambaye bei ya chandarua haiwezi kumkosesha usingizi.

Kwa maji ya kunywa kikwazo hakikuwa bei peke yake. Klorini ya chupa iliuzwa madukani kwa shilingi chache, na hata hivyo ni nyumba chache mno zilizoitumia. Ndipo likajaribiwa tangi dogo lenye bomba, likasimikwa kando ya chemchemi. Mama anafika na mtungi wa lita 20, anafungua, kipimo kimoja kinamwagika, anateka maji na kwenda zake. Afikapo nyumbani dawa imekwisha fanya kazi. Tena majirani wanamwona, na asiyetia dawa anaonekana pia. Matumizi yakapanda hadi zaidi ya nusu ya nyumba.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wasomi hawa waligundua kuwa kila kitu kigawiwe bure. Kwa mbolea ya mahindi walipita njia nyingine. Mkulima wa Busia alijua kuwa kijiko nusu cha chai katika kila shimo hulipa, lakini wakati wa kupanda ulipofika pesa za mavuno zilikwisha kwenda kwenye karo na matanga. Katika mpango ulioitwa SAFI, mkulima aliuziwa mbolea mara tu baada ya kuvuna, kwa bei kamili, akafikishiwa mpaka nyumbani bila nauli. Hilo pekee liliongeza wanunuzi. Huko Bumala nako, Dupas na Jonathan Robinson waliwalipia wachuuzi wa soko na waendesha baiskeli gharama ya kufungua akaunti katika benki ya kijiji. Akina mama wa soko wengi waliitumia na kuongeza mtaji wa biashara zao, ingawa akaunti haikuwa na riba na kutoa pesa kulikuwa na ada. Kwa vijana wa baiskeli hakuna kilichobadilika.

Mwanafunzi unayeandika tasnifu, sehemu hii ni yako. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo cha afya ya jamii na tiba ya tropiki cha London waliomba takwimu za minyoo na kuzirudia upya. Walikuta makosa ya hesabu, hasa katika kupima faida iliyozifikia shule za mbali zaidi, na wakatilia shaka matokeo ya mahudhurio. Ubishi ulikuwa mkali. Wenyewe walikiri makosa ya hesabu, wakashikilia kwamba mti bado umesimama hata kama tawi limekatika. Mapitio ya shirika la Cochrane, yaliyojumlisha tafiti za nchi nyingi, nayo yameona faida ndogo katika kuwatibu watoto wote kwa pamoja. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu takwimu hazikufungiwa kabatini.

Kenya haikungoja ubishi uishe. Mwaka 2009 serikali ilianza kuwapa dawa mamilioni ya watoto shuleni, bila malipo. Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Na wale watoto wa 1998? Wamefuatiliwa tangu 2003, kazi ambayo imewapeleka wadodosaji Nairobi, Mombasa, na ng'ambo ya mpaka Uganda. Taarifa iliyotolewa mwaka 2021 ilisema kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao, sasa wakiwa watu wazima, hutumia asilimia 14 zaidi nyumbani kwao na hupata asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi. Wengi wana watoto, na wadodosaji wameanza kubisha hodi tena. Safari hii wanayetaka kumwona ni yule mdogo.