Trekta Hununuliwa Dar, Hujilipa Shambani

Mkazi wa Tegeta au Mbagala haoni trekta likilima mtaani kwake, lakini soko la matrekta la Tanzania limemzunguka. Mashine hushushwa bandarini, upande wa Kurasini wilayani Temeke, mara nyingi zikiwa ndani ya kontena huku magurudumu yamevuliwa. Huunganishwa yadini, kisha hupangwa kwa wauzaji kando ya Barabara ya Nyerere na, kila Julai, kwenye viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Wanunuzi nao wengi wanaishi humu humu jijini. Yupo mtumishi wa umma wa Bunju mwenye shamba Kiteto. Yupo mfanyabiashara wa nafaka wa Tandale anayetaka kuwalimia wakulima wanaomuuzia mpunga. Yupo mstaafu wa Chamazi aliyepokea kiinua mgongo na kuambiwa na jamaa zake kwamba trekta halina hasara.

Nawaandikia hao kwa sababu trekta lina hasara, tena kubwa, kwa mtu anayelinunua bila hesabu. Soko linakua na litaendelea kukua. Hata hivyo, trekta hujilipa kwa mambo mawili: idadi ya ekari linazolima kwa mwaka, na urahisi wa kupata vipuri vyake. Bei na chapa huja nyuma ya hayo.

Tulikotoka

Nchi hii imeleta matrekta kwa mkupuo mara kadhaa, na kila mkupuo una somo lake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, baadaye Nachingwea na Urambo. Walikusanya matrekta yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa vya kufyekea pori. Udongo wa Kongwa ukishakauka hushikamana kama saruji, na mchanga wake mkali hula chuma. Mashine ziliharibika kwa wingi, bandari ya Dar es Salaam ikazidiwa na mizigo, mafundi wakawa wachache. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umemeza zaidi ya paundi milioni 30.

Miaka ya 1980 Kibaha iliunganisha matrekta ya Valmet kwa ushirikiano na Finland. Mwaka 2009 ukaja mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza. Kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka India, SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, lilileta matrekta zaidi ya 1,800, yakiwemo ya Farmtrac, yakauzwa kwa mkopo. Kwa miaka mingi baada ya hapo shirika hilo limekuwa likiwafuata wadaiwa. Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland wa kuunganisha matrekta 2,400 Kibaha, kwa mkopo wa dola milioni 55. Yaliyofika hayakufikia nusu ya idadi hiyo, na mwaka 2021 Ursus ilitangazwa kufilisika kwao.

Mara zote hizo fedha za kununulia zilipatikana. Kilichokwama kilikuwa vipuri, mafundi au marejesho. Sasa litazame Massey Ferguson. Aina ya 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, bado inavuta tela vijijini, na ndugu zake wakubwa wanaotengenezwa Pakistan na India wanazidi kununuliwa. Mafundi wengi wanaijua injini yake, na vipuri vyake havikutafutishi sana ukifika Gerezani, Kariakoo. Hakuna wizara iliyowaamuru wakulima waipende. Waliipenda kwa sababu ikiharibika asubuhi wana matumaini ya kurudi shambani baada ya siku chache.

Tulipo

Takwimu za Wizara ya Kilimo zinaonyesha kwamba mwaka 2013 asilimia 62 ya eneo lililolimwa lililimwa kwa jembe la mkono, asilimia 24 kwa wanyamakazi, na asilimia 14 tu kwa trekta. Kufikia mwishoni mwa muongo huo sehemu ya trekta ilikuwa imepanda hadi asilimia 20 hivi, na jembe la mkono limeshuka hadi kwenye asilimia 53. Ni hatua kubwa kwa muda mfupi. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya shamba la Tanzania ilikuwa bado ikilimwa kwa mgongo wa binadamu, na mara nyingi mgongo huo ulikuwa wa mwanamke. Soko halijajaa.

Matrekta mengi mapya sasa yanatoka India: Mahindra, Swaraj, Sonalika, Farmtrac, na hata baadhi ya yale yenye majina ya Ulaya na Marekani, kama New Holland na John Deere, huundwa huko. Sababu iko wazi. India huuza zaidi ya matrekta laki nane kwa mwaka kwa wakulima wake wenyewe, wengi wao wenye mashamba madogo. Kiwanda kinachozalisha kwa wingi huo huuza kwa bei nafuu, na mashine zake zina vifaa vichache vya umeme, hivyo fundi wa kawaida anaweza kuzifungua.

Serikali nayo imepunguza mzigo. Trekta la kilimo huingia nchini bila ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki na bila VAT, ingawa unafuu huo haukuenea kwa vipuri vyote. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza mfuko wa shilingi trilioni moja wa kuyakopesha mabenki kwa riba ndogo, nayo yawakopeshe wakulima kwa riba isiyozidi asilimia 10. Pia kuna Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na kampuni za ukodishaji wa mitambo kama EFTA, ambazo huitumia mashine yenyewe kuwa dhamana. Kwa mtu asiye na hati ya nyumba, mlango huo ni muhimu.

Kilichobaki kuwa kikali ni dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja iliuzwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imekaribia 2,700. Trekta la dola 20,000 likapanda kutoka shilingi milioni 46 hadi milioni 54 bila kuongezewa hata boliti moja. Anayepanga kununua mwakani aache nafasi ya mabadiliko kama hayo, ya kupanda na ya kushuka.

Hesabu ya ekari

Tufanye hesabu ya mfano. Kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na anakolima. Tuseme umenunua trekta la hosi pawa 75 pamoja na plau la diski tatu kwa shilingi milioni 60. Umelipa kianzio cha milioni 12, ukakopa milioni 48 kwa miaka minne, riba asilimia 9. Mwaka wa kwanza benki inadai milioni 12 za mtaji na milioni 4.3 hivi za riba, jumla milioni 16.3.

Shambani unatoza shilingi 60,000 kwa ekari. Dizeli lita saba, kwa shilingi 3,000 kila moja, ni 21,000. Dereva na msaidizi wake ni 6,000. Oili, filta, tairi, diski na matengenezo, weka 9,000. Umebaki na 24,000 kwa ekari. Gawanya deni la mwaka kwa kiasi hicho: unahitaji kulima ekari 680 ili uilipe benki tu, kabla hujanunua hata shati.

Trekta hilo, kwa dereva mzuri na shamba lisilo na visiki, hulima ekari nane kwa siku. Ekari 680 ni siku 85 za kazi kamili. Hapa ndipo wengi huanguka. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida na upande wa Kiteto, kipindi cha kulima huwa kati ya siku 45 na 60. Mvua kubwa ikizuia trekta kuingia shambani, au kipuri kikichelewa wiki mbili, marejesho yamekwenda.

Njia ya kutoka ni kuurefusha msimu. Tanzania imejaliwa kalenda mbili za mvua. Kanda ya kati hulima kuanzia Novemba hadi mapema Januari. Mpunga wa Kilombero hufuata hadi Februari. Pwani na Tanga huandaa masika kuanzia Februari hadi Machi. Mwenye trekta anayelihamisha kwa mpango anaweza kuunganisha misimu miwili ndani ya mwaka mmoja. Gharama ya kulisafirisha kwenye lori ni kubwa, ndiyo, lakini huwa ndogo kuliko trekta kulala miezi tisa. Anayeongeza haro, mashine ya kupandia, na tela la kubebea mazao au tofali, huongeza siku za kazi bila kununua injini nyingine. Trekta lenye plau pekee ni trekta la msimu.

Ukilikagua lililotumika

Wengi wataanza na trekta lililotumika, kutoka Ulaya, Japani au kwa mmiliki wa hapa hapa. Si vibaya. Nenda na fundi wako, usimtegemee wa muuzaji, na mfike injini ikiwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hamjafika huficha ugumu wa kuwaka. Soma mita ya saa, maana trekta hupimwa kwa saa za kazi. Kisha linganisha na pedali: mita inayosema saa 1,500 huku mpira wa pedali ya klachi umekwisha hadi chuma inasema uongo.

Fungua kifuniko cha oili ya injini. Ukiona utando mweupe kama maziwa, maji yameingia. Washa, kanyaga mafuta, tazama moshi: mweusi ukipita haraka si shida, wa bluu usiokwisha ni oili inayoungua. Mwisho, fungeni plau nyuma, linyanyueni kwa haidroliki, zimeni injini, msubiri dakika kumi. Plau likishuka lenyewe chini, jua haidroliki inavuja ndani, na matengenezo yake si ya siku moja.

Kabla ya kulipa, ingieni maduka ya vipuri na muulizie vitu vitano vya trekta hilo hilo: sahani ya klachi, pampu ya maji, noseli, beringi za gurudumu la mbele na sili za haidroliki. Kama vitatu havipo jijini, Kiteto havitakuwepo.

Tunakoelekea

Naona mambo manne katika miaka ijayo. Kwanza, serikali inaingia katika ukodishaji. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na sehemu yake inanunua matrekta na pawatila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili, kwa ajili ya vituo vya zana vinavyowalimia wakulima kwa bei ya chini. Ni habari njema kwa mkulima mdogo. Kwa mwenye trekta binafsi, ni ishara kwamba bei ya kulima karibu na vituo hivyo itashuka, na hesabu yake lazima ivumilie.

Pili, pawatila zitabaki mahali pake. Ziligawiwa sana wakati wa Kilimo Kwanza, hata penye ardhi kavu na ngumu, zikashindwa. Kwenye majaruba ya mpunga zinafanya kazi. Hamu kubwa ya wakulima wa Mbarali na Kilombero sasa iko kwenye kombaini, kwa sababu vibarua wa kuvuna wanazidi kuwa ghali na mpunga uliochelewa kuvunwa hupukutika.

Tatu, mvua zisizotabirika zinafupisha muda wa kulima. Mkulima anayelimiwa siku tatu baada ya mvua ya kwanza na yule anayelimiwa wiki tatu baadaye hawavuni sawa. Kwa hiyo thamani ya trekta lililo karibu na linalofanya kazi itapanda.

Nne, simu. Kampuni ya Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria na kufika Kenya, hufunga kifaa cha GPS kwenye trekta ili mwenye mali aone limelima ekari ngapi na liko wapi. Kwa mmiliki anayeishi Mbezi huku trekta liko kilomita mia tano, ambaye hutegemea neno la dereva kuhusu dizeli na ekari, kifaa cha namna hiyo kitaokoa fedha na pia kulinda heshima ya dereva mwaminifu.

Lipo jambo moja soko haliwezi kulifanya lenyewe. Kituo cha CAMARTEC kilichopo Arusha kilipewa jukumu la kupima zana za kilimo. Matokeo ya vipimo hivyo yawekwe wazi, kwa Kiswahili, ili mstaafu wa Chamazi ayasome kabla hajatoa fedha zake. Na kila anayeingiza chapa mpya alazimishwe kuweka akiba ya vipuri nchini kwa miaka isiyopungua kumi, na kuwafunza mafundi, pale VETA Chang'ombe na vyuo vya mikoani. Tumeshalipia somo hili tangu Kongwa. Hatuna sababu ya kulilipia tena.

Nawe msomaji, muuzaji akikuonyesha rangi na matairi mapya, muulize vipuri viko wapi na fundi ni nani. Kisha jiulize mwenyewe: ekari 680 nitazilima wapi, na lini? Kama majibu huna, kodi trekta msimu huu, jifunze, uweke akiba. Litakuwepo sokoni mwakani.