Galaksi iliyoamka usingizini

KAMA shimo jeusi linameza kila kitu, hata mwanga, wanasayansi wanalionaje? Ni swali ambalo mtoto anaweza kumtega nalo mzazi mezani. Jibu lake lipo kwenye galaksi moja iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 300, upande wa kundi la nyota la Mashuke.

Kwa miaka mingi galaksi hiyo ilikuwa kimya. Desemba 2019 ikaanza kung’aa ghafla, wanaastronomia wakaibandika jina la utani: Ansky. Februari 2024, timu ya Lorena Hernández-García wa Chuo Kikuu cha Valparaíso, Chile, ikaona jambo jingine. Katikati ya galaksi hiyo ilikuwa ikitoka milipuko ya eksirei, miale ya aina ileile inayopiga picha za mifupa hospitalini. Ilijirudia kila baada ya siku nne na nusu hivi.

Milipuko ya namna hiyo iligunduliwa mara ya kwanza Desemba 2018, katika galaksi iitwayo GSN 069, ambako ilirudi kila baada ya saa tisa. Hewa ya dunia huzuia eksirei za angani, hivyo darubini za kuziona huwekwa angani kwenyewe.

Shimo lenyewe halionekani. Kinachong’aa ni gesi ya moto inayolizunguka kama sahani bapa kabla ya kumezwa. Wataalamu wengi wanadhani kitu kidogo, pengine nyota, nacho kinalizunguka shimo, na kila kikipita hutoboa sahani hiyo. Gesi huruka kama uji unaochemka ukitumbukiziwa jiwe, na eksirei hutoka hapo.

Katika baadhi ya galaksi, gesi hiyo ilitokana na nyota iliyosogelea shimo ikararuliwa. Kwa Ansky, dalili za nyota kuraruliwa hazikuonekana. Ilikotoka gesi yake ndilo fumbo linalowakosesha watafiti usingizi.

Je, sisi tuko salama? Galaksi yetu nayo ina shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni nne, lakini liko mbali, miaka ya nuru 26,000, na kwa sasa limetulia. Usiku ukiwa hauna mawingu, mtoeni mtoto nje mumwonyeshe ukanda mweupe wa nyota: katikati ya galaksi hiyo ndiko liliko.