Mondlane: Mwanasosholojia Aliyeongoza Ukombozi

Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane alikwenda kusoma barua zake katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, Dar es Salaam. Miongoni mwazo kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani lililipuka na kumuua. Alikuwa na miaka 48, rais wa FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, na msomi mwenye shahada ya uzamivu ya sosholojia.

Alizaliwa Gaza, kusini mwa Msumbiji, mtoto wa chifu, na alichunga mifugo kabla ya kuanza shule. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ilimfukuza Afrika Kusini, alikokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Akaenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno iliyokuwa ikiitawala Msumbiji, lakini huko nako polisi wa siri hawakumpa nafasi ya kupumua. Akavuka kwenda Marekani, akasoma Oberlin, kisha Northwestern, alikohitimu uzamivu mwaka 1960 kwa utafiti uliogusa suala la rangi, jambo lililomwandama tangu ujana.

Huko Marekani alikuwa na maisha mazuri: kazi Umoja wa Mataifa, halafu ualimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Lakini mwaka 1961 alizuru nyumbani, akayaona mateso ya watu wake kwa macho yake. Vyama vitatu vya wapigania uhuru vilipoungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kuwa FRELIMO, yeye ndiye aliyechaguliwa kukiongoza chama hicho. Mwaka uliofuata aliacha ualimu, akahamia Dar es Salaam na mkewe, Janet, ambaye aliendesha Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi.

Usomi wake hakuuacha Marekani. Unaonekana wazi katika kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji, kilichotoka mwaka huohuo aliouawa. Humo takwimu za shule na ajira zinakwenda sambamba na sauti za watu wenyewe: wakulima waliolazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei ya kutupa, na Alberto Chipande, mpiganaji wa FRELIMO, akisimulia jinsi Wareno walivyowamiminia risasi wananchi wa Mueda, Juni 1960. Mondlane aliwahesabu watu hao kuwa mashahidi wenye uzito sawa na nyaraka za serikali, na hapo ndipo ninapouona ubora wake kama mtafiti. Msomaji anaelewa kwa nini bunduki zililia Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi, vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO iundwe. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina la Mondlane.