Faragha na Ufuatilikaji: Istilahi za Miamala ya Sarafu Kripto

Tarehe 13 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jengo la tawi la Benki Kuu ya Tanzania jijini Mwanza. Katika hotuba yake aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa ujio wa sarafu zinazotumika katika mtandao wa kompyuta pasipo kutolewa na benki kuu yoyote. Kabla ya hapo, Novemba 2019, Benki hiyo hiyo ilikuwa imewatangazia wananchi kwamba fedha halali nchini ni shilingi ya Tanzania, na kwamba biashara ya sarafu hizo ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Miaka mitatu baada ya hotuba ya Mwanza, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo yatokanayo na uhamishaji wa mali za kidijitali. Hivyo jambo lililoanza kama onyo limekuwa suala la sera, na hatimaye kifungu cha sheria. Kifungu cha sheria hakina budi kuandikwa kwa maneno yenye mipaka.

Haja hiyo imezidi tangu mwaka 2021, ambapo Sheria Na. 1 ya mwaka huo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno lililochaguliwa ovyo na mfasiri sasa laweza kusomwa mbele ya hakimu, na mtu akahukumiwa kwalo. Katika makala haya tutaeleza kwa nini jina "sarafu fiche", ambalo limeanza kuenea katika magazeti na semina, linapotosha maana, na ni maneno gani yafaayo kutumiwa tunapozungumzia faragha na ufuatilikaji wa miamala ya sarafu hizo.

Daftari na jina

Tuanze na jambo linalojulikana. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mnunuzi wa dagaa humlipa mwuzaji kwa simu. Kabla ya kuthibitisha malipo, mnunuzi huliona jina la mpokeaji. Kampuni ya simu inamjua kila mmoja wao, kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Usajili wa namna hiyo ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Lakini mwuzaji wa meza ya pili hawezi kujua jirani yake amepokea kiasi gani. Kwa maneno mengine, katika malipo ya simu jina liko wazi kwa wahusika na kwa kampuni, ila daftari limefungwa.

Bitcoin imelipindua jambo hilo. Sarafu hiyo ilianza kutumika Januari 2009, na mwanzilishi wake alijiita Satoshi Nakamoto, jina ambalo mwenyewe halisi hajathibitishwa. Daftari lake halitunzwi na benki wala kampuni moja. Nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, nazo zote husema neno lile lile. Kwa wastani kila dakika 10 huongezwa ukurasa mpya wa miamala, ambao wataalamu huuita kitalu, na kila kitalu hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na kitalu kilichotangulia. Ndiyo sababu daftari lenyewe huitwa mnyororo wa vitalu. Mtu akibadili mstari mmoja wa zamani, alama za vitalu vyote vilivyofuata haziafikiani tena, na udanganyifu hubainika.

Mtu yeyote mwenye kompyuta, awe Mwanza, Bukoba au Musoma, aweza kulisoma daftari hilo tangu mstari wa kwanza. Ataona kiasi kilicholipwa, saa ya kitalu, anwani iliyotoa na anwani iliyopokea. Kitu asichokiona ni jina la mtu. Hapa daftari li wazi, na jina ndilo lililofichwa.

Siri, faragha na lakabu

Neno "fiche" limetoka wapi? Jina la kigeni la sarafu hizi lina sehemu iliyotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kufichika, nalo huhusu elimu ya kusimba maandishi. Wafasiri wakaichukua sehemu hiyo na kuipa tafsiri ya neno kwa neno. Kosa lao si la sarufi, bali ni la dhana. Elimu hiyo haitumiki katika Bitcoin kuficha miamala. Hutumika kumwezesha mwenye anwani kuthibitisha, kwa sahihi ya kikokotozi, kwamba yeye ndiye mwenye mamlaka ya kutoa fedha zilizomo. Kitu pekee ambacho ni siri kweli ni ufunguo wa kutilia sahihi hiyo. Aupataye ufunguo huchukua fedha. Aupotezaye hupoteza fedha.

Hapo hatuna budi kutofautisha maneno matatu. La kwanza ni siri. Siri ni jambo ambalo wengine hawalijui, liwe jema au baya. La pili ni faragha. Faragha ni stahili ya mtu ya kuamua nani ajue mambo yake, na ndilo neno lililotumiwa katika ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Mgonjwa anayemweleza daktari maradhi yake hajapoteza faragha, ingawa maradhi hayo si siri tena baina yao. Mfasiri anayeandika "siri" mahali pa "faragha" huifanya haki ionekane kama njama.

La tatu ni lakabu. Washairi wetu wamezoea kujitambulisha magazetini kwa lakabu. Msomaji asiyemjua mshairi kwa jina la nyumbani huweza kuzikusanya tungo zake zote za miaka mingi, kwa kuwa zote zina lakabu moja. Na siku atakapoambiwa ni nani, atazijua zote kwa mara moja. Anwani ya Bitcoin ni lakabu ya namna hiyo. Kwenye mialo ya Ziwa Viktoria upo mfano mwingine. Chombo cha uvuvi husajiliwa na kuandikwa namba ubavuni. Kila aliye ufukweni huiona namba, akajua chombo kilitoka lini na kilirudi na nini. Mwenye chombo humjua yule tu aliye na rejista. Kwa hiyo si sawa kusema kwamba watumiaji wa Bitcoin "hawajulikani". Usemi sahihi ni kwamba wanatumia lakabu.

Ufuatiliaji na ufuatilikaji

Maneno haya mawili hutofautiana kidogo kwa sauti, lakini hutofautiana sana kwa maana. Ufuatiliaji ni kitendo: mpelelezi anafuatilia, mkaguzi anafuatilia. Ufuatilikaji ni sifa ya kitu chenyewe: muamala unafuatilika, hata kama hakuna mtu anayeufuatilia leo. Kiungo -ik- kinachobeba maana hiyo ni cha kawaida katika lugha yetu. Twasema barabara inapitika na maandishi yanasomeka. Hatuna sababu ya kuogopa neno "ufuatilikaji" kwa urefu wake.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Sheria ikisema "ufuatiliaji wa miamala", imetoa kazi kwa ofisi fulani, na ofisi hiyo lazima iwe na mamlaka na mipaka. Ikisema "ufuatilikaji", inaeleza tabia ya daftari. Kuyachanganya maneno hayo ni kumpa ofisa mamlaka ambayo Bunge halikumpa, au kumnyima aliyopewa.

Mifano ya ufuatilikaji si michache. Mwezi Mei 2021 wahalifu walizifunga kompyuta za kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, isafirishayo mafuta kwa bomba, wakalipwa sarafu 75 za Bitcoin. Tarehe 7 Juni 2021, siku 6 kabla ya hotuba ya Mwanza, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imezikamata sarafu 63.7 kati ya hizo, baada ya kuzifuata katika daftari anwani kwa anwani. Tena, mwaka 2016 ziliibwa sarafu 119,754 kutoka soko la Bitfinex. Februari 2022 serikali hiyo ilitangaza kuzikamata zaidi ya 94,000. Zaidi ya miaka 5 ilikuwa imepita, na nyayo zilikuwa hazijafutika.

Jina hupatikanaje? Aghalabu hupatikana pale sarafu inapobadilishwa kuwa fedha za kawaida. Soko la kubadilishia likidai kitambulisho, au mwuzaji akilipwa shilingi kwa simu, lakabu na jina hukutana. Tangu hapo miamala yote ya anwani hiyo, ya nyuma na ya mbele, huwa na mwenyewe.

Kufuatilika si kurejesheka

Jambo hili linawagusa wananchi moja kwa moja. Mtu aliyetapeliwa huweza kuambiwa mambo mawili, na yote mawili yasiwe kweli. Wa kwanza atamwambia, "Fedha zile ni za siri, hazifuatiki," naye akate tamaa asiende polisi. Wa pili atamwambia, "Kila kitu kimeandikwa, utarudishiwa," naye alipe ada nyingine kwa tapeli mwingine. Mwandishi wa tangazo la serikali anapaswa kutenga sifa tatu. Muamala hufuatilika, yaani njia yake huonekana. Mpokeaji huweza kutambulika, iwapo lakabu yake itaunganishwa na jina. Lakini muamala haurejesheki, kwa kuwa hakuna ofisi yenye uwezo wa kuufuta. Katika malipo ya simu, aliyekosea namba huweza kuiomba kampuni izuie fedha. Katika Bitcoin hakuna wa kuombwa, ila yule mwenye ufunguo wa anwani iliyopokea.

Kwa upande wa pili iko faragha ya mtu asiye na hatia. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa dagaa anayemwuzia mteja wa nchi jirani na kumpa anwani yake ili alipwe. Kuanzia siku hiyo mteja huyo aweza kuona kilichomo katika anwani, na kila malipo yatakayoingia na kutoka, asipotumia anwani mpya kwa kila mauzo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mhusika njia ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Mnyororo wa vitalu haufutiki. Mgongano huo wa sheria na daftari hauwezi kujadiliwa kwa Kiswahili iwapo jina la sarafu yenyewe limekwisha kutuambia kwamba kila kitu kimefichwa.

Kipi kiitwe fiche?

Hatusemi kwamba neno "fiche" halina kazi. Ziko sarafu zilizobuniwa ili kuficha miamala yenyewe. Monero, iliyoanza mwaka 2014, huficha mtoaji, mpokeaji na kiasi. Zcash, iliyoanza mwaka 2016, ina anwani za wazi na anwani zilizofichwa. Ziko pia huduma za kuchanganya sarafu za watu wengi ili nyayo zipoteane. Mojawapo ni Tornado Cash, ambayo Marekani iliiwekea vikwazo Agosti 2022 na kuviondoa Machi 2025, baada ya ubishi kuhusu matumizi yake kwa wezi na kwa watu wa kawaida watakao faragha. Tukiliita kundi zima "sarafu fiche", hatutabakiwa na jina la kuziita hizi chache zilizo fiche kweli.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutaka kwanza tutafute katika Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine, ndipo tukope mbali. Tunauheshimu utaratibu huo. Hata neno "mwalo" limetoka katika mwambao wa Ziwa likaingia katika maandishi ya Serikali, nalo linatufaa. Lakini utaratibu hauwi kisingizio cha kukubali neno la nyumbani lenye maana ya uongo. Neno "kripto" halimwambii msomaji lolote mpaka aelezwe. "Fiche" humwambia jambo lisilo kweli kabla hajaelezwa. Kati ya hayo mawili, la kwanza lina madhara machache.

Mapendekezo

Tunapendekeza maneno yafuatayo yajadiliwe:

Sarafu kripto: sarafu ya mtandao ambayo umiliki wake huthibitishwa kwa sahihi ya kikokotozi. Isichanganywe na pesa za simu, ambazo ni shilingi.

Sarafu fiche: sarafu kripto ambayo daftari lake halionyeshi mtoaji, mpokeaji au kiasi.

Mnyororo wa vitalu: daftari la miamala lenye nakala nyingi, ambalo kurasa zake zimefungamanishwa kwa alama.

Lakabu: anwani au jina linalotumika mahali pa jina halisi, na linaloweza kuunganishwa nalo.

Faragha: haki ya mtu ya kuamua nani ajue mambo yake.

Ufuatilikaji: sifa ya muamala ya kuweza kufuatwa njia yake. Ufuatiliaji: kitendo cha kuifuata.

Urejeshekaji: sifa ya muamala ya kuweza kutenguliwa.

Kwa maneno hayo, sentensi kama "Miamala ya sarafu hizi ni ya siri" yaweza kuandikwa upya hivi: "Miamala ya sarafu kripto nyingi iko wazi na inafuatilika, wahusika hutumia lakabu, malipo yakishathibitishwa hayarejesheki." Sentensi ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini mwalimu aweza kuifundisha, karani aweza kuiweka katika tangazo, na hakimu aweza kuitegemea. Tunawaomba wafasiri na walimu waijaribu katika kazi zao, na watuletee maneno wanayoyasikia kwa watumiaji wenyewe sokoni na mialoni, ili istilahi zitakazopitishwa ziwe zimepimwa na wenye lugha.