Samaki watano tu: somo la mvuvi wa ndoana

Huko Marekani kuna watu wanaovua siyo kwa kuuza wala kwa kula, wanavua kwa kushindana. Wengi siyo wavuvi wa kazi. Ni mafundi, walimu, wakulima, ambao siku ya mapumziko wanachukua fimbo na ndoana na kwenda ziwani. Samaki wanayemtafuta anaitwa besi. Huku Afrika Mashariki yuko pia: aliletwa katika ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Katika Tanganyika hatuna besi, lakini tuko na sangala, nonzi, mukeke na kuhe. Hao nao ni wawindaji wa samaki wadogo, na wote wanashika ndoana.

Kwa nini tunaleta habari hii katika gazeti la wakulima na wavuvi? Sababu ni kanuni zao.

Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Ray Scott, alianzisha chama cha wavuvi wa besi. Mwaka 1972 akaanza kuwataka washindani wasiue samaki waliokamata. Tangu hapo samaki wanawekwa hai ndani ya tangi la maji katika mtumbwi, wanapimwa kwenye mzani, kisha wanarudishwa ziwani. Mashindano yako mengi katika msimu mmoja, na pointi zinajumlishwa mpaka mwisho. Katika mashindano mengi mtu anapima samaki watano tu. Aliyekamata hamsini wadogo anaweza kushindwa na aliyeleta watano wazito. Samaki asiyefika urefu uliowekwa hahesabiwi. Akifa kabla ya mzani, mvuvi anapunguziwa uzito.

Kwa hiyo yule fundi au mwalimu, msimu mzima, anajifunza kuchagua. Anaandika katika daftari: siku gani, upepo ulitoka wapi, kina gani, chambo gani, samaki alikuwa na uzito gani. Mwisho wa msimu anajua ziwa lake.

Sasa turudi kwetu, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, na kushuka mpaka Makobola. Mvuvi wa ndoana ana kitu ambacho mvuvi wa wavu hana: anatoa samaki mmoja mmoja, na anaweza kumwangalia kabla ya kuamua. Wavu wa kukokota ufukweni hauchagui. Chandarua kinachovutwa pembeni ya maji kinabeba hata vitoto vya wiki chache.

Mwangalieni kuhe. Wakati wa kuzaa, dume na jike wanakuja kwenye maji mafupi, wanataga maelfu ya mayai chini, na wote wawili wanalinda. Baadaye wanalinda vitoto vyao vinapoogelea kwa kundi. Wakati huo wanafukuza kila kinachokaribia, na ndiyo maana ni rahisi kuwakamata. Lakini ukitoa wazazi, samaki wengine wanaingia kula mayai na vitoto. Umepata samaki wawili, ziwa limepoteza kundi zima. Besi naye yuko hivyo: dume ndiye anayelinda, na akiondolewa, kiota kinaliwa haraka.

Mkulima wa bonde la Ruzizi anaelewa jambo hili bila kuelezwa. Hata njaa ikiwa kali, mbegu ya mahindi inafichwa juu ya moshi. Kuhe anayelinda vitoto ni mbegu.

Najua mtakachouliza: « Watoto watakula nini leo? » Ni swali la haki. Mmarekani anarudisha samaki kisha anaenda kula kwake. Sisi hatuwezi kurudisha wote, na hakuna anayetuomba hivyo. Tunapendekeza mambo manne tu:

1. Kuhe wawili wanaolinda vitoto, waacheni. Sogeza mtumbwi.

2. Kooperative ipange urefu wa chini kwa kila aina ya samaki. Kituo cha utafiti cha CRH hapa Uvira kinachunguza ziwa hili. Waulizeni samaki gani anaanza kuzaa akiwa na urefu gani. Kisha chora alama kwenye kasia, upime hapo hapo.

3. Mdogo aliyetoka maji mafupi, mrudishe haraka, kwa mkono uliolowa. Akiwa amemeza ndoana, kata uzi, usivute. Lakini sangala aliyetolewa kina kirefu mara nyingi mfuko wake wa hewa umevimba, hawezi tena kuzama. Huyo kumrudisha ni kumpa ndege. Kama wadogo wanafuatana, hama sehemu hiyo.

4. Daftari moja la kooperative, na mzani mmoja. Andika uzito, siyo idadi peke yake. Kama kwa mwaka mmoja idadi inapanda na uzito unashuka, mnakula mbegu.

Mambo haya hayatafaa kitu kama mmoja anaacha kuhe asubuhi na jirani anakokota wavu hapo hapo jioni. Kwa hiyo siyo kazi ya mtu mmoja. Nchi nne za ziwa hili zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, na Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024. Makubaliano makubwa kama hayo yanahitaji serikali. Lakini kipande kimoja cha ufuko, ambako wote wanajua kuhe wanazalia, kooperative inaweza kukilinda yenyewe, kwa kuongea na chifu na huduma ya uvuvi.

Katika mkutano ujao, wekeni swali hili mbele: ni kipande gani, na nani atashika daftari? Wazee wanaotega ndoana tangu zamani waongee wa kwanza. Wao ndio wanajua kuhe walikuwa wanazalia wapi, na wapi hawaonekani tena.