Kosa la Kumbukumbu: Kutoka Mashairi ya Muyaka hadi Kompyuta Dhahania

Mashairi ya Muyaka bin Haji (1776–1840) wa Mombasa hayakukusanywa na mwenyewe. Yalikusanywa baada ya kufa kwake na Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mchungaji W. E. Taylor, mengi yakitoka vinywani mwa watu walioyahifadhi moyoni. Katika kazi ya namna hiyo, mhifadhi akiruka neno la silabi mbili, mshororo wa mizani 16 hutoka na 14, na kosa hujulikana papo hapo. Lakini kujua kwamba neno limepotea si kulipata. Vina huweza kusaidia. Hata hivyo neno lenyewe sharti litoke kwa mwingine aliyelihifadhi. Tena neno likibadilishwa kwa jingine la mizani ileile, mahali pasipo kina, kosa hupita bila ya kuonekana.

Hati za Taylor sasa zimo katika maktaba ya SOAS, London, na baadhi ya hati za Kiswahili za huko zimetiwa katika kompyuta. Beti hizo, basi, zimeingia katika kumbukumbu ya aina nyingine, nayo pia hukosea.

Katika kumbukumbu ya seva, aghalabu kila biti 64 huongezewa biti 8 za ukaguzi, kwa njia iliyotokana na kazi ya R. W. Hamming ya mwaka 1950. Biti moja ikigeuka, ukaguzi huonyesha hata mahali pake, nayo husahihishwa pasipo programu kuhisi lolote. Zikigeuka mbili, kosa hugunduliwa tu. Uchunguzi wa seva za Google uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya kumbukumbu hupatwa na kosa katika mwaka mmoja, ingawa mengi ya makosa hayo husahihishika.

Mambo huwa mazito zaidi katika kompyuta dhahania (jina lisilopendeza sana, kwani kazi zake si za kudhania). Seva moja, yaani mwenyeji, hubeba wageni kadhaa, na kila mgeni ana mfumo wake wa uendeshaji na hujiona ana kumbukumbu yake peke yake. Mgeni huhesabu kurasa zake, kila mmoja aghalabu wa baiti 4,096, kwa hesabu isiyolingana na ya mwenyeji. Prosesa inapogundua kosa lisilosahihishika, humpasha habari mwenyeji, naye hajui ukurasa ule una nini. Je, asimamishe seva nzima, wageni wote waanguke? Amuue mgeni mmoja? Au amwambie?

Tangu toleo la 2.6.32 la Desemba 2009, kiini cha Linux huweza kuutia ukurasa kama huo alama ya sumu na kuutenga. Mwenyeji kisha huitafsiri anwani kwa hesabu ya mgeni, na kumfikishia tahadhari ileile ambayo kibao kibovu kingesababisha. Hapo mgeni, ambaye ndiye ajuaye, huamua. Ukurasa ukiwa ni nakala ya faili isiyobadilishwa, huutupa na kusoma upya kutoka diskini. Ukiwa na maandishi mapya yasiyokwisha kupelekwa diskini, yamepotea. Programu iliyoyahitaji huuawa, nyingine zikaendelea. Ukiwa ni wa kiini chenyewe cha mgeni, mgeni hufa peke yake.

Kazi ya mwenyeji ni ya mkalimani, na kosa la mkalimani lina gharama: anwani ikitafsiriwa vibaya, programu isiyo na hatia itauawa na ukurasa wenye sumu utaendelea kusomwa.

Kwa hiyo neno moja 'kurekebisha' halitoshi. Kugundua ni kazi ya mizani. Kusahihisha kunahitaji ziada ya kutosha kuonyesha mahali pa kosa. Hatua ya tatu yafaa iitwe kunusuru, kwa sababu kinachookolewa hapo ni programu zilizosalia, na ule ukurasa haurudi ila pawe na nakala yake kwingine.